Kijana Anayetaka Kuwa Muuguzi wa Vijijini: Funzo la Hospitali ya Lacor

Katika nyumba nyingi, kambini, katika makazi ya polisi na huko mashambani, hufika siku ambapo mtoto aliyemaliza kidato cha nne huwaambia wazazi wake kwamba anataka kusomea uuguzi. Akiulizwa sababu, hujibu sawasawa na wenzake wote: anataka kuwasaidia watu. Jibu hilo ni jema, wala halistahili kuchekwa. Hata hivyo ni jibu la mlangoni tu. Ndani ya kazi yenyewe yamo maswali mazito zaidi: atawasaidia watu gani, mahali gani, kwa ujuzi gani, na kwa muda gani?

Maswali hayo yana uzito kwa kuwa wauguzi hawatoshi, na hata waliopo hawakugawanyika sawa. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilihesabu wauguzi karibu milioni 28 duniani kote, ikaeleza kwamba walihitajika wengine karibu milioni 6. Karibu sehemu tisa katika kumi za upungufu huo zilikuwa katika nchi zenye pato dogo na zile zenye pato la chini ya wastani. Tena katika nchi hizo zenyewe, wauguzi hujaa mijini kuliko vijijini. Mama wa mjini akipatwa na uchungu wa kuzaa hupanda gari. Mwenzake wa kijiji cha mbali hutegemea baiskeli, machela, au miguu yake mwenyewe.

Muuguzi wa kijijini mara nyingi ndiye hospitali nzima. Asubuhi hupima uzito wa watoto na kuwachanja; mchana hufunga vidonda na kutoa dawa za malaria; usiku huamshwa kumzalisha mama kwa mwanga wa taa. Kazi yake iliyo ngumu kuliko zote ni kutambua mapema mgonjwa aliyemzidi uwezo, ili apelekwe mbele kabla saa hazijapotea. Huko hakuna daktari wa kuulizwa chumba cha pili.

HOSPITALI KANDO YA GULU

Anayetaka kujua kazi hii yaweza kumdai mtu kiasi gani, na aitazame Hospitali ya Mtakatifu Maria ya Lacor, iliyo kama kilomita 6 magharibi ya mji wa Gulu, kaskazini ya Uganda. Ilianzishwa na wamisionari wa Comboni mwaka 1959. Mwaka 1961 walifika hapo Dakta Piero Corti kutoka Italia na Dakta Lucille Teasdale, mpasuaji kutoka Kanada, ambao baadaye walioana. Waliijenga ikawa hospitali kubwa yenye shule yake ya wauguzi, ili vijana wa kaskazini wajifunze kuwahudumia watu wa kwao.

Jamaa za askari wana sababu ya kulikumbuka jina la Bibi Lucille. Katika miaka ya vita aliwapasua majeruhi wengi, wakiwemo askari, na mifupa iliyovunjika ilimchoma mikono akiwa kazini. Kwa njia hiyo aliambukizwa virusi vya UKIMWI, jambo lililojulikana mwaka 1985. Aliendelea kufanya kazi kwa miaka mingi baada ya hapo, akafariki mwaka 1996.

Mwenyeji aliyelelewa katika nyayo hizo ni Dakta Matthew Lukwiya, mzaliwa wa Kitgum mwaka 1957. Alifiwa na baba yake akiwa bado mtoto, akasoma kwa misaada ya masomo, akaja Lacor mwaka 1983 kama daktari mwanafunzi. Ijumaa Kuu ya mwaka 1989 waasi waliingia hospitalini wakitaka kuwachukua watawa. Matthew aliomba achukuliwe yeye badala yao, akatembezwa porini kwa muda wa juma moja kabla ya kuachiliwa. Baadaye alikwenda kusomea magonjwa ya watoto Liverpool, Uingereza. Aliombwa abaki kufundisha huko, akakataa, akarudi Gulu ambako vita vilikuwa havijakwisha.

WANAFUNZI WALIKUWA MIONGONI MWA WA KWANZA

Mwanzoni mwa Oktoba 2000 Dakta Matthew alikuwa Kampala, masomoni. Simu ikamjia kutoka Lacor: wagonjwa walikuwa wakifa kwa ugonjwa usioeleweka, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo wanafunzi wa uuguzi wa hospitali yenyewe. Vifo vya vijana hao ndivyo vilivyopiga mbiu. Walikuwa wamefika kujifunza kuosha, kulisha na kugeuza wagonjwa kitandani, na katika kazi hizo hizo za mikono ugonjwa uliwapata.

Matthew alirudi mara moja, akakesha akisoma kumbukumbu za wagonjwa, akashuku kuwa ni Ebola. Kabla vipimo vilivyopelekwa Afrika Kusini havijathibitisha shaka hiyo katikati ya mwezi, alikwisha tenga wodi ya peke yake na kuwaomba wafanyakazi wa kujitolea kuihudumia. Wakajitokeza. Walivaa majoho, barakoa, glavu, viatu vya mpira na kinga za macho, wakafanya kazi katika joto kali, wakiwahudumia watu ambao jamaa zao wenyewe waliogopa kuwagusa.

Walipotoka kazini hawakupata pumziko. Majirani waliwakimbia, na wengine walitengwa hata na watu wa kwao. Ni jambo la kusikitisha kwamba muuguzi aliyekuwa akilinda uhai wa kijiji alikosa mtu wa kumpa salamu njiani.

SIKU YA MKUTANO

Kufikia mwisho wa Novemba idadi ya wagonjwa wapya mjini na vijijini ilikuwa imeanza kupungua, lakini wauguzi wa Lacor walizidi kufa. Asubuhi moja, baada ya vifo kadhaa vya usiku mmoja, waliobaki waliacha wodi wakakusanyika katika ukumbi wa shule ya uuguzi. Walikuwa mamia. Wengi walitaka hospitali ifungwe.

Haifai mtu aliyekaa nyumbani kwake salama kuwalaumu. Wengi wao walikuwa wazazi wenye watoto wadogo. Walikuwa wamewaosha wenzao, wakawafunga sanda, wakarudi kazini siku iyo hiyo. Dakta Matthew naye hakuwatisha kwa amri. Alizungumza nao kwa saa nyingi, akawasikiliza, akawaeleza kwamba hospitali ikifungwa wagonjwa watakwenda kufia majumbani na kuwaambukiza watu wao. Aliwaambia kwamba atakayetaka kwenda ana uhuru wa kwenda, na kwamba yeye atabaki. Mwishowe walirudi wodini.

Yaaminika kwamba saa ile ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia mwilini mwake. Siku chache kabla ya mkutano aliitwa usiku kumsaidia muuguzi mmoja mgonjwa aliyekuwa akitokwa damu nyingi. Alivaa joho, barakoa na glavu, lakini macho yake hayakuwa na kinga. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na umri wa miaka 43, akazikwa katika uwanja wa hospitali karibu na kaburi la Bibi Lucille. Pamoja naye, wafanyakazi 13 wa Lacor walipoteza maisha.

Hospitali haikufungwa. Tarehe 27 Februari 2001 Uganda ilitangazwa kuwa imesalimika. Watu 425 walikuwa wameugua katika wilaya za Gulu, Masindi na Mbarara, na 224 kati yao walikufa. Zaidi ya nusu walikufa. Lakini mia mbili na mmoja walipona, wakarudi kwao kwa mikono ya watu waliokubali kubaki.

UPENDO NA KINGA

Kijana anayesoma habari hizi asidhani kwamba uuguzi humtaka afe. Funzo la Lacor ni kinyume cha hilo. Aliyekuwa mstadi kuliko wote alikufa kwa sababu ya jambo moja lililosahauliwa usiku mmoja wa haraka. Upendo ulimtoa kitandani; miwani ya kukinga macho ingemrudisha. Wazee walisema kinga ni bora kuliko tiba, na kwa muuguzi methali hiyo ni sheria ya kila siku. Askari huijua vizuri: ushujaa usio na nidhamu huongeza makaburi tu.

Wala hatari hiyo si hadithi ya zamani. Januari 2025 Ebola ya aina ile ile ya Gulu ilizuka tena Uganda, na wa kwanza kutambuliwa alikuwa muuguzi wa Hospitali ya Mulago, ambaye alifariki. Ugonjwa huo ulitangazwa kwisha tarehe 26 Aprili mwaka huo. Kwa hiyo serikali na wakuu wa hospitali nao wana deni lao: glavu, sabuni, maji, nafasi ya kupumzika, na mshahara unaofika kwa wakati. Kumsifu muuguzi kwa maneno na kumnyima glavu ni kumdhulumu.

NANI HUBAKI?

Wengi huanza kwa huruma, lakini huruma peke yake huchoka. Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri mwaka 2010, likayarudia kwa kuyaongeza mwaka 2021, juu ya namna ya kuwapata na kuwadumisha wahudumu mashambani. Shauri mojawapo ni kuchagua wanafunzi waliozaliwa na kukulia huko huko, kwani hao huelekea zaidi kurudi na kukaa. Jingine ni kuweka shule mbali na miji mikuu na kuwapeleka wanafunzi kufanya mazoezi vijijini. Jingine tena ni kuwapa wahudumu nyumba njema, shule za watoto wao, na njia ya kupanda cheo bila kuhama.

Mambo hayo yalionekana Lacor kabla hayajaandikwa. Matthew alikuwa mtoto wa nchi ile. Wauguzi wengi walisomea palepale, na waliokuwa vitandani walikuwa watu wa lugha yao. Aliyesema anataka kuwasaidia watu alikuwa na sura za watu hao mbele ya macho yake.

WAJIBU WA NYUMBANI

Mzazi aliyeambiwa na bintiye au mwanawe kwamba anataka uuguzi asikimbilie kukataza, wala asikimbilie kupiga hesabu ya mshahara. Na amketishe amwulize kwa upole kama amekwisha kuona kazi yenyewe. Kijana na aende kituo cha afya kilicho karibu siku ya kuchanja watoto, aone foleni, asikie vilio na harufu ya dawa. Na amtunze bibi yake mgonjwa nyumbani kwa juma zima: kumwosha, kumlisha, kufua matandiko, kuandika saa za dawa bila kukosea. Akitoka hapo akiwa bado anataka, nia yake imeanza kupata mizizi.

Kisha na asaidiwe katika masomo. Mlango wa shule za wauguzi hufunguliwa na elimu ya viumbe, kemia na hesabu, kwa wasichana na wavulana vilevile. Anayepima dawa kwa mtoto wa kilo saba hana ruhusa ya kukosea hesabu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: aliyezoeshwa kunawa mikono, kusema kweli anapokosea na kutunza siri ya mtu, amekwisha jifunza nusu ya kazi kabla ya kuvaa sare.

Na majirani wa muuguzi, pale alipopangiwa mbali na kwao, wawe jamaa zake. Askari na polisi, ambao nao hupelekwa mahali wasipopachagua, wanajua uzito wa jioni ya kwanza katika kituo kigeni. Kumwonyesha muuguzi kisima, kumpa salamu, kumsindikiza anapoitwa usiku, na kutomkimbia ugonjwa unapozuka, hayo hayahitaji fedha. Kijana ana wajibu wa kuja na ujuzi na nia. Kijiji kina wajibu wa kumfanya atake kubaki.