Miezi mitano ya Kimbangu, miaka 38 ya Mama Muilu

Mhubiri akifanya kazi yake hadharani kwa miezi mitano tu, kisha akafungwa miaka 30 mahali ambapo waumini wake hawawezi kumfikia, halafu akafia kifungoni, ni nani hasa aliyeliongoza kanisa lake? Anayeulizwa hapa ni Simon Kimbangu wa Kongo, mmoja wa viongozi wa Kikristo waliotikisa Afrika katika karne ya 20. Wengi wakimtaja hutaja uponyaji, minyororo na kifo chake, na hayo yote yana uzito. Lakini kanisa linalobeba jina lake lilijengwa pia na mkewe, Marie Muilu, na historia ya Ukristo barani kwetu bado haijampa mama huyu haki yake.

Kimbangu alizaliwa Nkamba, katika eneo la Kongo ya Chini, mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1915 yeye na Muilu walibatizwa na wamisionari Wabaptisti kutoka Uingereza, naye akawa katekista. Aprili 6, 1921, katika kijiji cha jirani, alimwekea mikono mwanamke mgonjwa, akaombea, na habari ya kupona kwake ikavuma. Ndani ya wiki chache Nkamba ilifurika watu: vibarua waliacha mashamba ya wazungu, wagonjwa walibebwa kwa machela, wengine walifika kwa treni ya Matadi. Mafundisho yake yalikuwa ya katekista: watu watupe hirizi, waache ngoma za kipagani, mume awe na mke mmoja. Hakuwa na silaha wala chama. Hata hivyo serikali ya Wabelgiji iliingiwa na hofu, kwa sababu Mwafrika asiye na cheo chochote alikuwa akiita watu nao wanakuja. Juni 6 askari walitumwa Nkamba kumkamata, akawaponyoka. Septemba 12 alirudi mwenyewe kijijini akijua kinachomngoja, akajitoa. Mahakama ya kijeshi ya Thysville haikumpa wakili. Oktoba 3 ilimhukumu viboko 120 na kifo. Wamisionari Wabaptisti walimwombea huruma, na Mfalme Albert wa Kwanza akageuza adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Alipelekwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, upande wa pili wa nchi, mbali kabisa na watu wa lugha yake. Huko alikufa Oktoba 12, 1951.

Wapo wanaosema kwamba mateso yenyewe yalitosha kulikuza kanisa. Hoja yao ina msingi. Wabelgiji waliwahamisha wafuasi kwa nguvu hadi pembe za mbali za koloni, wengine wakawekwa katika kambi ya Lowa kando ya mto Lualaba, ambako watu husema Kiswahili, na kila walikopelekwa walifika na imani yao. Kanisa lenyewe huhesabu familia 37,000 zilizohamishwa. Baadhi ya wanahistoria huona hesabu hiyo ni kubwa mno, lakini hakuna anayekana kwamba uhamisho ulikuwa mpana. Tatizo ni kwamba mateso peke yake hayajengi kitu. Katika nchi hiyohiyo ya Wakongo, mwaka 1706, kijana wa kike aliyeitwa Kimpa Vita alichomwa moto kwa kuhubiri Ukristo wenye sura ya Kiafrika. Alikuwa na wafuasi maelfu, na mateso yake yalikuwa makali kuliko ya Kimbangu. Miaka michache baadaye vuguvugu lake lilivunjwa. Kwa hiyo waliokufa na waliofungwa hawaelezi yote. Lazima tumtafute aliyebaki akishika kamba.

Aliyebaki ni Muilu. Mumewe alipochukuliwa alikuwa na watoto watatu wa kiume, mdogo wao, Diangienda, akiwa na miaka mitatu. Aliishi chini ya macho ya serikali, dini yao ikiwa marufuku, na anayekamatwa akisali na wenzake akijua atahamishwa. Katika hali hiyo ndiye aliyekuwa kiungo cha waumini waliotawanyika: walimjia kwa siri, waliomba naye, walipokea maagizo. Akamlea mwana aliyekuja kuwa karani wa serikali ileile iliyomfunga baba yake, kisha akawa mkuu wa kanisa. Kuna watakaosema kwamba Diangienda ndiye mjenzi, maana ni yeye aliyelipatia kanisa taratibu, katiba na sura ya kisheria katika miaka ya 1950. Ni kweli, na sifa yake haipunguzwi hapa. Lakini alichokipanga tayari kilikuwa hai. Karani hawezi kuandikisha waumini ambao hawapo. Muilu alikufa Aprili 27, 1959, na Desemba 24 mwaka huohuo serikali ikalitambua kanisa rasmi. Mwaka 1969 likapokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni.

Pingamizi zito zaidi linahusu imani. Baadaye kanisa lilianza kufundisha kwamba Kimbangu ni Roho Mtakatifu katika mwili, likahamishia Krismasi tarehe 25 Mei, na makanisa mengine yakajitenga nalo. Mkristo ana haki ya kuyakataa mafundisho hayo. Asichoweza kufanya kwa haki ni kumbebesha Kimbangu wa 1921, aliyehubiri Yesu kama katekista yeyote wa Kibaptisti, au Muilu, aliyekufa kabla kanisa halijatambuliwa. Tena kosa la kumkweza mtu mmoja hadi mbinguni linafanana na kosa la waandishi wa historia wanaomwona nabii peke yake: wote wawili wanafuta kazi ya waliombeba.

Tangu 2023, tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa heshima ya Kimbangu. Anastahili. Walimu wa historia na wahubiri watakaomtaja siku hiyo wamtaje na Marie Muilu, na waeleze aliyoyafanya kati ya 1921 na 1959.