Neje haianguke Kamina, lakini tunasoma

Usiku wa tarehe 24 Desemba mvua ilikuwa inapiga mabati, umeme umekatika, na sisi tulizunguka mbabula tukimsikiliza binti wa nyumba akisoma kwa tochi ya simu. Tulikuwa tunangojea ndugu wawili watoke Kolwezi na mshahara wa mwezi wa kumi na moja. Treni haikufika. Kitabu ni cha Kifaransa, jalada limeisha zamani. Anasoma kipande, anageuza kwa Kiswahili, na mama anauliza: "Sasa ule bwana alirudia?"

Hadithi za Noeli za namna ile tunazijua. Mji mdogo, theluji (ile neje ya Bazungu) kila mahali, mwanamke anarudi nyumbani kufungua duka la mikate, tajiri anataka kufunga kiwanda, halafu tajiri anampenda mwanamke na kiwanda kinabaki. Hakuna anayeuliza bei ya makala. Hakuna mtoto aliyefukuzwa kwa ajili ya pesa ya masomo. Kwetu baridi ni Juni na Julai. Desemba ni matope na maembe. Na sisi tuliokaa mara nyingi mezani na wakubwa wa kazi, bado hatujaona mmoja aliyebadilika roho kwa sababu ya ndoto.

Kamaradi mmoja wa sendika alitucheka: "Munasoma bongo tu! Neje iko wapi ku Kamina?"

Basi tukamwelezea kitabu cha Charles Dickens, kile kinachoitwa kwa Kifaransa *Un chant de Noël*. Kilitoka London tarehe 19 Desemba 1843. Dickens mwenyewe, akiwa na miaka 12, alitumwa kazi kwenye kiwanda cha dawa ya viatu, baba yake akiwa gerezani kwa ajili ya deni. Mwaka 1842 alitembelea migodi ya Cornwall, kule walikochimba bati. Mwaka uliofuata alisoma ripoti ya serikali juu ya watoto wanaotumikishwa, akataka kuandika kijitabu cha kuwatetea. Akaacha, akaandika hadithi ya mizimu.

Ndani yake bwana Scrooge ananung'unika kumlipa karani siku ya Noeli bila kazi. Hapo kamaradi akakaa vizuri: hiyo siku ya mapumziko yenye malipo, sisi tumeibishania mara ngapi? Halafu mzimu unampeleka Scrooge kwenye nyika tupu, ndani ya kibanda cha wachimba migodi. Mzee na mke wake, watoto, wajukuu, wote karibu na moto, wanaimba. Ni kipande kifupi sana, lakini tulimwomba binti akirudilie mara mbili.

Mwisho Scrooge anamwongezea Bob Cratchit mshahara. Bila mgomo, bila delege hata mmoja! Tulicheka sana, na mama alikuwa anapangusa macho. Mambo ya mishahara yanavyokwenda tunayajua. Usiku ule tulitaka tu kukaa kidogo mahali ambapo mtu anayengojewa anafika.

Ndugu zetu walifika tarehe 27, matope mpaka magotini, na nusu ya mshahara. Mama hakuuliza juu ya nusu ile siku hiyo. Aliweka bukari na samaki, akamwambia binti: "Anza tena ku mwanzo. Hawa hawakusikia."