Kitasa Kinachosingiziwa

Miongoni mwa ila ndogondogo za gari la kale, ni chache zinazomuudhi mwenyewe kama kile kifuniko cha kisanduku cha dashibodi ambacho, kila gurudumu likiingia shimoni, hufunguka bila ya kuguswa na kummwagia abiria mapajani karatasi za bima, tochi na miwani. Na katika Gasenyi, kaskazini mwa Bujumbura, ambako mvua huzichimba njia za udongo, udhia huo haukosi. Mwenye gari hukata shauri upesi kwamba kitasa kimekufa. Mimi nasema kwamba aghalabu kitasa husingiziwa, na fundi anayeking'oa kabla ya kuchunguza hukiharibu kilicho kizima.

Magari ya mwanzo yalikuwa wazi, na dereva hakuwa na budi kuvaa glavu. Dorothy Levitt, mwanamke wa Kiingereza aliyeshiriki mashindano ya magari, aliwausia madereva wanawake, katika kitabu chake cha 1909, waziweke glavu na vikorokoro vyao katika droo iliyo chini ya kiti. Baadaye kisanduku kikapata makao katika dashibodi, na pamoja nacho kikaja kifuniko, bawaba na kitasa.

Tutwae mfano wa Volkswagen ile yenye umbo la mgongo wa kobe, iliyoshinda Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962, mwaka ule ule Burundi ilipopata uhuru wake, na ambayo ilipokoma kuundwa huko Meksiko mwaka 2003 ilikuwa imetimiza zaidi ya milioni 21. Kwa kuwa Burundi huendesha upande wa kulia, usukani wake uko kushoto na kisanduku kulia. Kwa hiyo kifuniko kilichotolewa katika gari bovu la Nairobi au Dar es Salaam, ambako mambo ni kinyume, hakina yakini ya kukaa sawasawa, na hii ni sababu njema ya kutengeneza kilichopo.

Kitasa chenyewe ni kitu sahali: kitufe, ulimi uliokatwa mshazari, springi inayousukuma ulimi, na bamba la kuupokea lililokazwa kwa parafujo ukingoni mwa dashibodi. Kabla ya kufungua hata parafujo moja, upake ulimi chaki, ufunge kifuniko taratibu, kisha ukifungue na kutazama alama iliyobaki kwenye bamba. Ikiwa chaki imegusa ukingo tu, basi ulimi hauingii vya kutosha, na taksiri si yake: huenda bawaba zimelegea na kifuniko kimeshuka, au bamba limesogea kwa miaka ya kubamizwa, au vile vipande vya mpira vinavyokiegemeza kifuniko vimekakamaa kwa jua vikawa havikizuii kutikisika. Bawaba na zikazwe kwanza, kwani anayelirekebisha bamba ilhali kifuniko kimeinama atairudia kazi yote. Mipira mipya hukatwa katika tyubu kuukuu. Ndipo bamba lisogezwe, kwa kadiri ya unywele, na chaki ipakwe tena. Nimeona mafundi wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili ambamo gereji zimejaa kando ya barabara, wakiitanua kwa tupa tundu ya parafujo ili bamba lipate nafasi ya kusogea, na sijui njia iliyo bora kuliko hiyo.

Ikiwa kifuniko kimegoma kufunguka, hadhari na bisibisi, kwani ukiitia pembeni na kuinua, rangi itabanduka na bati litapinda. Mmoja akisukume kifuniko ndani ili ulimi usibanwe, na mwingine abonyeze kitufe. Mara nyingi hukubali.

Na kama kweli kitasa ndicho kilichovunjika, itazamwe maadini yake. Vingi vya zama hizo vilisubiwa kwa mchanganyiko wa zinki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na kwa sababu hiyo moto wa kuchomelea chuma hukigeuza kipande kuwa tone kabla fundi hajatanabahi. Ulimi mpya heri uchongwe kwa shaba, kwa jiliwa, msumeno na tupa, ule wa zamani ukiwa kando kama kipimo. Springi iliyochoka isivutwe irefushwe, maana italegea tena. Isokotwe nyingine kwa waya wa chuma cha pua.

Grisi nzito isitiwe humo, kwa kuwa vumbi la kiangazi litaganda nayo na kuuzuia ulimi. Unga wa risasi ya penseli watosha. Kisha ndani ya kisanduku kutazamwe: katika Volkswagen za kale ni cha kadibodi, na karibu na ziwa Tanganyika, penye unyevu mwingi, kadibodi hulowa, ikafura, ikakisukuma kifuniko kutoka ndani. Hapo kitasa hakina kosa lolote, na kinachohitajiwa ni kadibodi mpya iliyopakwa vanishi pande zote mbili.