Mzio wa Vumbi na Dawa ya Chini ya Ulimi

Wazazi wengi hutuuliza: mtoto anapiga chafya kila asubuhi, makamasi yanatiririka, macho yanawasha, je, ni mafua tu? Mafua huisha baada ya siku chache. Hali hii ikidumu miezi bila homa, huenda ni mzio wa vumbi la nyumbani, ambamo huishi wadudu wadogo wasioonekana kwa macho.

Vidonge vya kawaida vya mzio hutuliza dalili tu. Dawa ya chini ya ulimi ina chembechembe za kitu kilekile kinachomsumbua mgonjwa, ili mwili ukizoee polepole. Hutumiwa kila siku, kwa kawaida miaka 3. Ukiiacha mapema, faida yake haidumu.

Mgonjwa apimwe kwanza, ijulikane mzio wake ni wa nini. Dozi ya kwanza hutolewa mbele ya daktari, naye husubiri hapo dakika 30, maana koo laweza kuvimba au kifua kubana. Mdomo kuwasha kidogo ni kawaida.

Mwenye pumu isiyotulia asianze dawa hii. Na mwenye pumu yoyote asiache dawa yake ya kuvuta.

Nyumbani, fueni mashuka kwa maji ya moto kila wiki.