Dalali Katikati ya Miwani Mbili

Wahandisi wawili wamesimama chumba kimoja, kila mmoja kavaa miwani ya uhalisia ulioongezwa. Kati yao inaelea injini ambayo asiye na miwani haioni. Mmoja akigeuza bomba, mwenzake analiona likigeuka. Ili hilo liwezekane, miwani zao zinawasiliana kwa Wi-Fi au Bluetooth, na mawimbi hayo hupenya ukuta hadi kwa jirani.

Wengi hudhani dawa ni kusimba ujumbe. Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Tangu 1976, Whitfield Diffie na Martin Hellman walipochapisha njia yao, vifaa visivyofahamiana vinaweza kukubaliana ufunguo wa siri hata kama kuna anayesikiliza. Ila hesabu hiyo peke yake haikuambii umekubaliana na nani. Mdukuzi akijipenyeza, hukubaliana ufunguo mmoja nawe, mwingine na mwenzako, kisha hupokea huku na kupeleka kule, kama dalali anayehakikisha muuzaji na mnunuzi hawakutani. Kila neno limesimbwa, na yeye analisoma. Kwenye miwani anaweza hata kulihamisha lile bomba.

Simu za Bluetooth hujikinga kwa tarakimu sita zinazokokotolewa kutokana na mazungumzo yenyewe: zikilingana kwenye skrini zote mbili, hakuna wa katikati. Lakini kompyuta ya mdukuzi si ingejaribu funguo hadi ipate zinazotoa tarakimu zilezile? Majaribio milioni moja kwake si kazi. Kwa hiyo kifaa kimoja hutangulia kutuma alama ya namba yake ya nasibu, huku namba yenyewe ikibaki siri. Ikifunuliwa baadaye na isilingane na ile alama, mazungumzo yanakatwa. Mdukuzi analazimika kuchagua kabla ya kuona, na anabaki na bahati moja katika milioni.

Miwani haina skrini ya kumgeuzia mwenzako. Kusoma tarakimu kwa sauti kunafaa, lakini miwani ina jambo ambalo simu nyingi hazina: inakijua chumba. Miwani ya HoloLens ya Microsoft iliweza kuweka picha mahali pake kwa usahihi wa sentimita. Mwaka 2017 Ivo Sluganovic na wenzake walieleza HoloPair, mfumo wa kuoanisha HoloLens mbili moja kwa moja, wakiwa wameujaribu na watu 22. Njia mojawapo ya kukitumia chumba ni kupanga hewani alama zinazotokana na ufunguo. Mmoja anazigusa kwa zamu, mwenzake anatazama kama mkono unafika pale anapoziona yeye.

Mimi napenda njia za namna hii kwa sababu zinamfanyisha mtu kazi. Kitufe cha “Ndiyo” hubonyezwa na watu ambao hawajasoma chochote, hasa wakiwa na haraka ya kuanza kikao. Afadhali mtumiaji aonyeshwe mipangilio mitatu ya alama, achague ule aliouonyesha mwenzake. Anayebahatisha atakosea mara mbili kati ya tatu, na miwani hazitaunganishwa.