Nukta moja tu yaweza kumfungulia laghai mlango

NUSURA nitume rasimu ya mtihani kwa laghai. Nilikuwa nimemwomba msaidizi wangu achuje orodha ndefu ya anwani za barua pepe, abakishe tu za watahini wetu wa nje kutoka chuo kimoja. Alitumia ruwaza, yaani fomula fupi inayoieleza kompyuta umbo la maneno yanayotafutwa.

"Prof, hii iko sawa," akaniambia.

Hebu ngoja kwanza! Nilipoipitia orodha, niliona anwani moja inayoishia na chuo.ac-ke.com. (Neno 'chuo' ni la mfano tu.) Ilipitaje?

Ruwaza yake ilikuwa chuo.ac.ke. Kwetu sisi, nukta ni nukta. Katika lugha ya ruwaza, nukta humaanisha 'herufi au alama yoyote ile'. Kwa hiyo kile kistari cha ac-ke kilipita bila kuulizwa. Ili nukta ibaki nukta, sharti itanguliwe na mshazari uliolalia kushoto, hivi: \.

Isitoshe, ruwaza hiyo haikutaja mwanzo wala mwisho. Hata anwani inayoishia na chuo.ac.ke.com ingepenya, kwa kuwa umbo linalotafutwa limo ndani yake. Kadhalika kikoa kama bandiachuo.ac.ke. Ruwaza iliyofaa ni hii:

^[^@]+@chuo\.ac\.ke$

Isome hivi: anzia mwanzo (^), pokea alama moja au zaidi zisizokuwa @, kisha @ yenyewe, kisha kikoa, halafu koma hapo ($). Msomaji makini atauliza, mbona ^ imejitokeza mara mbili? Nje ya mabano ya mraba huashiria mwanzo. Ikitangulia ndani yake, humaanisha 'isipokuwa'. Hilo lisitushangaze sisi wanafunzi wa lugha. Kiambishi 'ku-' katika 'kucheza' na 'ku-' katika 'hakucheza' vina umbo moja, kazi mbalimbali. Muktadha ndio huamua.

Wala ruwaza hizi si za jana. Mtaalamu wa mantiki, Stephen Kleene, ndiye aliyeweka msingi wake katika miaka ya 1950. Mnamo 1968, Ken Thompson akachapisha mbinu ya kuzitumia kutafutia maneno kwa kompyuta.

Hata hivyo, ruwaza ina mpaka wake. Iambie kompyuta itafute maneno yanayoanza na 'ki' kwa ruwaza ^ki. Itakuletea 'kiti' na 'kitabu', sawa. Itakuletea pia 'kiboko', ambaye upatanisho wake ni wa A-WA, na 'kimbia', ambacho ni kitenzi. Kompyuta haijakosea. Uliiomba umbo, ikakupa umbo, hukuiomba maana.

Ndivyo ilivyo kwa barua pepe. Ruwaza sahihi itathibitisha kwamba anwani imeandikwa inavyostahili. Haitathibitisha aliyeiandika, maana hata anwani ya mtumaji inayoonekana kwenye barua yaweza kughushiwa.

Basi tulirekebisha ruwaza, ile anwani ya kistari ikatoka. Kisha, kabla ya kutuma mtihani, nikachukua simu nikawapigia watahini mmoja baada ya mwingine. Wote walipokea, na sauti zao nazijua.