Basi na Upepo: Hesabu Ipi Tuiamini?

Basi la umeme la Kayoola EVS, kazi ya Kiira Motors, lilitangazwa kuwa huenda kilomita 300 kwa chaji moja. Dereva ana haki ya kujua yaliyomo katika tarakimu za namna hiyo, kwa kuwa chaji ikiisha njiani ni yeye atakayeulizwa.

Mbali na uzito na vilima, iko hewa. Mwendo ukizidi mara mbili, hewa hulizuia basi mara nne. Katika msongamano wa Kampala si kitu. Barabara ya Jinja ni habari nyingine. Nyuma ya basi hewa huvurugika na kulivuta, na wahandisi hukadiria mvuto huo kwa kompyuta kabla bodi haijaundwa.

Njia moja huchukua wastani wa msukosuko wote. Ni rahisi, lakini penye mvurugiko mkubwa hukosea. Mwaka 1984 Ahmed na wenzake waliupulizia upepo mfano wa gari wenye mgongo ulioinama. Mwinamo wa nyuzi 25 bado huitoa jasho njia hii. Nyingine huifuata mizunguko mikubwa ya hewa hatua kwa hatua, ikikadiria midogo tu. Husadifu zaidi, ila hula kompyuta nyingi na siku nyingi. Ipo pia ya mseto: wastani karibu na bodi, mizunguko nyuma yake.

Kwa kulinganisha maumbo mawili ya bodi, twaona wastani mara nyingi watosha. Kwa kumpangia dereva kilomita, hakuna hata moja itoshayo. Twataka basi lijaribiwe barabarani likiwa limejaa abiria, na dereva awepo tarakimu zinapoandikwa.